Kutoka Kitasani Hadi Dirishani: Shajara ya Kupiga Picha Nyumba ya Wapangaji Wakati wa Korona

Machi 22, 2020

Naanza leo. Nyumba ina vyumba 9, jiko moja, bafu mbili, korido ndefu na paa la kuanikia nguo. Tuko watu 17 pamoja na watoto. Siku 11 zimepita tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) liseme korona sasa ni janga la dunia nzima, na tumeambiwa tukae ndani.

Wapiga picha ninaowafuata karibu wote wanaonyesha barabara tupu. Sina ugomvi na barabara tupu, ila najiuliza: wale waliokuwa wanazijaza wameenda wapi? Wako huku. Wako kwenye korido ya upana wa mita moja na kidogo, wanapishana kwa ubavu huku wamebana pumzi.

Mradi ni kupiga vile tunavyochangia, jinsi vilivyo, bila kupanga wala kupangusa kwanza. Bila sura za watu. Kamera moja, lenzi ya milimita 35, stendi ya miguu mitatu, hakuna flashi.

Machi 24

Kabla ya kupiga chochote nimekaa kwenye ngazi na daftari kwa saa nzima, kuanzia saa 12 jioni, nikihesabu mikono. Kitasa cha mlango wa jiko: mara 31. Swichi ya taa ya korido: 12. Koki ya sinki ilinishinda, maana mtu mmoja akiosha vyombo anaifungua na kuifunga mpaka unachoka kumtazama.

Kijana wa chumba cha 3 akaniuliza kama nimetumwa kuandika majina ya wanaovunja amri. Nikamwonyesha kamera. Akasema, "Bora ungekuwa umetumwa, ningekuelewa."

Machi 26

Picha 14 za kitasa, nimebakiza moja. Kitasa chenyewe ni cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Pale dole gumba linapokaa rangi imelika, chuma cheupe kimejitokeza kwa umbo la jani. Miaka ninayoishi hapa sikuwahi kuliona jani hilo. Tundu la lenzi f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 400, shata wazi robo sekunde, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisiitikise kamera.

Kwa nini nimeanza na vitasa? Kwa sababu ya barua ambayo kila mtu anaisambaza kwenye simu, iliyotoka Machi 17 kwenye New England Journal of Medicine, jarida la utabibu la Marekani. Watafiti walivipima virusi maabara na kukuta vinaweza kudumu hadi saa 72 juu ya plastiki na chuma kisichoshika kutu, hadi saa 24 juu ya kadibodi, na juu ya shaba nyekundu havikuzidi saa 4. Mambo ya hewa nayo yamo humo, saa 3 hivi. Kilichonikaa kichwani ni plastiki na chuma. Nyumba yetu yote ni plastiki na chuma.

Machi 29

Swichi, koki, mkono wa ngazi, kishikio cha mlango wa bafu la chini, ndoo. Jana WHO wamesisitiza mtandaoni kwamba virusi hivi si vya kuenea hewani. Vinasafiri hasa kwa matone ya mtu anayekohoa, anayepiga chafya au anayeongea, na matone yale huanguka. Yaani yanaangukia kwenye vitu vyangu hivi hivi. Nimejiona niko kwenye njia sahihi, nikapiga hadi betri ikaisha.

Aprili 2

Nataka picha ya korido ipigwe kila siku kutoka pale pale, urefu ule ule, saa ile ile, ili baadaye nizipange safu kwa safu na macho yaone kilichobadilika tu. Mfano wangu ni Wajerumani wawili, mume na mke, Bernd na Hilla Becher, waliopiga minara ya maji na viwanda kwa miongo kadhaa. Walisimama mbele ya kila jengo kwa namna ile ile, mbingu ikiwa na mawingu ili vivuli visilete fujo. Mimi sina minara, nina ndoo na milango.

Ili stendi irudi mahali pake nimebandika vipande vitatu vya utepe mweupe sakafuni, kimoja kwa kila mguu.

Aprili 4

Utepe umenitoka mkononi. Leo jioni nimekuta foleni ya bafu, na mtu wa mbele amesimama juu ya utepe wangu, miguu imebanwa pamoja kama yuko gwaride. Wamedhani ni alama za kukaa mbalimbali. Vipande vyote vitatu vinaingia kwenye duara la nusu mita, na Mama wa chumba cha 5 alikuwa tayari analalamika, "Sasa watatu tutasimamaje hapo? Aliyepima hii amepimia kuku?"

Nilipokiri ni mimi, hawakunicheka kama nilivyotegemea. Wakaniambia, kwa kuwa utepe ninao, nimalizie kazi. Kwa hiyo nimeongeza vipande vinne, kila kimoja mita moja kutoka mwenzake, hadi karibu na ngazi. Nilisema nitapiga mambo jinsi yalivyo bila kuyagusa. Siku ya 14 ya mradi, nusu ya alama zilizo kwenye picha nimeziweka mimi. Nimeamua hilo litaandikwa chini ya picha.

Aprili 5 hadi 10

Karatasi ya zamu za jiko. Nikiulizwa leo nitaje picha bora, ni hizi.

Ilibandikwa Aprili 5 kwa pini nne, mistari imepigwa kwa rula, kila chumba dakika 40. Siku ya pili chumba cha 2 na cha 8 wamebadilishana na mshale umechorwa. Siku ya tatu mtu ameandika kwa penseli "watoto je?" pembeni. Siku ya nne dakika 40 zimefutwa, zimeandikwa 30, na chini yake mwandiko mwingine: "maharage hayajui dakika 30." Siku ya tano karatasi imelowa mvuke, wino wa safu ya kati umesambaa, na watu wanapika kwa kukumbuka. Siku ya sita imebaki na pini moja, inaning'inia kwa kona.

Nimepiga kila asubuhi saa 1, mwanga wa dirisha ukitokea kushoto, karatasi ikijaza fremu. Hakuna mtu kwenye picha hata moja, lakini ukizisoma kwa mpangilio unasikia nyumba nzima inabishana. Kuna majina, kwa hiyo nimegonga mlango kwa mlango kuomba ruhusa. Vyumba viwili vimetaka majina yao yafunikwe. Kimoja kimetaka lake liandikwe vizuri zaidi.

Aprili 11

Nimejiharibia mwenyewe. Nimetoka korido, nikapaka kitakasa mikono, hakijakauka nikashika lenzi. Ute umeganda kwenye kioo cha mbele na picha 22 za mchana zina ukungu upande wa kulia. Mwanzo nilidhani ni mvuke wa jiko, nikazipenda.

Kwa hiyo sasa: spiriti ya asilimia 70 kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mwili wa kamera, basi. Sipulizi kitu moja kwa moja, na kioo cha lenzi nakifuta kwa dawa yake ya lenzi. Dawa ya kufulia nguo nyeupe haikaribii kamera kabisa, inakula raba. Na sitafuti spiriti kali zaidi, maana ya asilimia 70 inaua vizuri kuliko ile iliyo karibu kavu. Maji yaliyomo yanaichelewesha kuyeyuka na kuisaidia kuharibu protini za kirusi.

Aprili 16

Chumba cha 7 kuna mgonjwa. Mlango umefungwa. Nje kuna sinia limefunikwa kwa sahani, chupa ya maji, na kandambili za bluu zimepangwa sawasawa, visigino ukutani.

Nilisimama mita tatu na kamera mkononi. Mwanga wa saa 10 ulikuwa unaingia chini kwa chini kutoka ngazini, ukigusa sinia na ukingo wa kandambili tu. Kila kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa pale. Nikapiga moja. Halafu nikafanya nilichopaswa kufanya kwanza: nikampigia simu.

"Mama, nimepiga picha ya mlango wako, hakuna mtu ndani yake, ni mlango tu na sinia. Unaniruhusu niiweke kwenye mradi?"

Akakohoa kidogo, akauliza, "Kandambili zinaonekana?"

"Zinaonekana."

"Basi mwanangu, umenipiga mimi."

Nimeifuta mbele ya macho yangu, kwenye kadi na kwenye kompyuta. Kanuni yangu ya "bila sura" niliiona ya heshima kabisa, kumbe ilimfaa mtu wa nje tu. Hapa ndani hakuna asiyejua kandambili za nani ni zipi, sufuria ya nani ina mpini uliofungwa waya, taulo la nani lina doa. Na faili la picha limebeba tarehe na saa ndani yake. Weka kandambili na tarehe pamoja, umeshatangaza ugonjwa wa mtu.

Safu ya milango itakuwa na milango 8. Nafasi ya 7 itabaki wazi.

Aprili 17 hadi 30

Korido yote imejifungia. Siku 14. Zamani meli zilizofika Venice wakati wa tauni zilisubiri siku 40 baharini, na neno karantini limetoka kwenye hesabu hiyo. Sijapiga kitu. Nimebeba maji.

Mei 3

Chumba cha 7 ametoka, amekonda, amekaa kwenye ngazi na kunywa jua. Sikuwa na kamera, na sikuifuata.

Usiku nimejaribu kitu kipya kwenye korido. Taa ni moja, hafifu, kwa hiyo nimefunga tundu hadi f/16, ISO 100, shata wazi sekunde 30. Watu wakapita kama kawaida yao, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Kwenye picha korido ni tupu. Anayepita hawahi kuacha alama. Anayesimama anabaki kama moshi wenye miguu. Foleni ya bafu imetokea vizuri kweli: vivuli vinne, kila kimoja juu ya kipande chake cha utepe.

Jambo hili ni la zamani kuliko kamera zetu zote. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga Boulevard du Temple mjini Paris kutoka dirishani, na picha ilihitaji dakika kadhaa. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini wote wakafutika kwa kutembea. Aliyebaki ni mtu mmoja kwenye kona, amesimama mguu juu akisafishiwa viatu. Hata yeye amebaki bila sura.

Barabara tupu za mwaka huu ni tupu kwa sababu watu hawapo. Korido yangu ni tupu kwa sababu wapo na hawatulii. Nikiziweka picha hizo mbili pamoja hutazitofautisha, na hilo linanisumbua. Nimeamua kila ya sekunde 30 nitaifuatisha na nyingine ya moja ya 60 ya sekunde, kutoka alama ile ile.

Mei 19

Kadi imeharibika. Wiki nzima ya paa imepotea. Kuanzia leo, nakala mbili kabla ya kulala.

Juni 8

Paani. WHO walitoa mwongozo mpya wa barakoa Juni 5: za kitambaa ziwe na matabaka matatu, na zivaliwe mahali ambapo watu hawawezi kuachiana nafasi. Mwezi wa tatu kamba ilikuwa na barakoa mbili. Leo 23, zimebanwa kwa kamba za masikio, nyingi zimekatwa kutoka nguo ninazozijua: shati la kijana wa chumba cha 3, pazia la zamani la jikoni, kitenge ambacho mwenyewe amevaa gauni lake hapo hapo chini.

Jua la saa 6 ni kali mno, vivuli vinakata picha vipande. Nimerudi saa 12 asubuhi, mawingu, mwanga umetandaa sawa. Becher walikuwa na akili.

Julai 10

Mradi umepinduka.

Mwanzoni mwa wiki hii wanasayansi 239 wameunga mkono barua ya wazi wakisema wakati umefika wa kukubali kwamba virusi vinabaki hewani ndani ya nyumba zisizopitisha upepo. Jana WHO wametoa maelezo mapya: maambukizi ya hewani kwenye sehemu za ndani zenye msongamano na hewa mbovu hayawezi kupuuzwa.

Nimeifungua tena ile barua ya Machi. Saa 3 hewani. Ilikuwa pale pale, kwenye ukurasa ule ule wa saa 72 za plastiki. Niliisoma, hata humu niliiandika, nikapita. Kwa nini? Naona jibu ni la kipiga picha tu: plastiki inaonekana. Kitasa kinajaza fremu na jani lake la chuma. Hewa utaipigaje?

Nimezipanga picha zangu 312 mezani kwa kompyuta na kuzipitia upya. Dirisha la jiko limo kwenye 40 na kitu, kila mara kama chanzo cha mwanga. Sikuwahi kulipiga lenyewe. Sasa nakuza na kuangalia: limefungwa kwenye karibu zote. Komeo limepakwa rangi pamoja na fremu, halijafunguliwa miaka. Chini yake karatasi ya zamu, inayomwambia kila mtu aingie dakika 30 kwenye hewa aliyoiacha mwenzake.

Julai 14

Tumefungua dirisha. Kijana wa chumba cha 3 amekata rangi kwa kisu cha kazi, mimi nimesukuma, Mama wa chumba cha 5 ameelekeza. Limefunguka kwa mlio uliomtoa kila mtu chumbani. Nilipiga komeo baada ya hapo: mstari wa rangi uliochanika una tabaka nne, kijivu, krimu, kijani, kijivu tena.

Julai 15 hadi 21

Jaribio la kupiga hewa. Pazia kwa nusu sekunde: linatoka ukungu, ni zuri, lakini linaonyesha upepo tu na si pumzi. Vumbi kwenye mwale wa jua: linafaa dakika 20 kwa siku, halafu jua linahama. Kilichonipa ninachotaka ni mvuke.

Sufuria ya maji jikoni, usiku. Taa ya meza nyuma ya sufuria kwa pembeni, imefichwa isiingie kwenye lenzi, ukuta wa nyuma ubaki giza. Mvuke ukipigwa na mwanga kutoka nyuma unang'aa. Ukimulikwa kutoka mbele unapotea kabisa. f/4, ISO 800, moja ya 125 ya sekunde, picha moja kila sekunde 10.

Dirisha likiwa limefungwa, mvuke unapanda, unagonga dari, unatambaa hadi kona ya mlango na kukaa. Nikazima moto, picha 14 baadaye kona ile bado ina weupe, yaani zaidi ya dakika mbili. Dirisha likiwa wazi na mlango wazi, mvuke unapinda kabla haujafika dari, unatoka kama umeitwa. Picha ya tatu baada ya kuzima moto ni ukuta mtupu.

Najua mvuke si virusi. Matone ya mvuke yanakauka na kupotea, na chembe za pumzi ni ndogo mno kwa lenzi yangu. Picha hizi zinaonyesha njia ya hewa ya jiko hili, zaidi ya hapo sidai. Nimebandika mbili ubavuni mwa karatasi ya zamu, bila maelezo. Chumba cha 7 alizitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe hapa kwenye kona ndipo ninapokatia vitunguu." Kesho yake ubao wake ulikuwa umehamia dirishani.

Agosti 30

Nachagua za mwisho. Nilishawishika kuvipunguza vitasa, vibaki viwili vitatu, kwa kuwa sasa navijua. Nimekataa. Mwezi wa tatu tulikuwa tunafungua milango kwa viwiko na kupangusa mfuko wa chumvi kwa spiriti, huku dirisha limefungwa kwa rangi. Nikivitoa, atakayezitazama ataona nyumba iliyokuwa na akili tangu siku ya kwanza. Tarehe zitabaki kubwa chini ya kila picha.

Aprili 9, 2021

Nimechapisha picha 48 na kuzitundika koridoni wenyewe wazione kabla ya mtu mwingine. Wiki hii CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, imeandika kwamba hatari ya kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 kati ya 10,000. Kijana wa chumba cha 3 alinisomea hiyo akiwa amesimama mbele ya kitasa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Safu ya milango ina msumari mtupu kwenye nafasi ya 7. Mwenyewe alipita, akausukuma kwa kidole kuona kama umekaza, akaenda kufungua dirisha la jiko.

Jioni nimebandua utepe wa sakafuni. Gundi imebaki, imeshika vumbi, kwa hiyo sasa kuna vipande saba vyeusi mahali pa vyeupe. Maji hayajaitoa. Kesho nitajaribu mafuta.